Nimenunua trekta ndogo ya HP 24 na sijawahi kuendesha trekta, nianzie wapi na ninunue zana gani?

ShambaMlali

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Niko Mlali, Mvomero, nina ekari saba, nne ziko tambarare nalima nyanya na mahindi, tatu zinapanda kuelekea mlimani. Miaka yote nakodi trekta kubwa la kukatua na kila msimu ni yale yale, mvua imeshanyesha unampigia mwenye trekta anakwambia kesho asubuhi nipo kwako, kesho inageuka wiki, na akija anaona vishamba vyetu vidogo vinampotezea mafuta kugeuza geuza, anakwangua juu juu anaondoka. Msimu uliopita nilipanda siku kumi na nane nyuma ya jirani yangu, jua likanikuta mahindi ndiyo yanatoa mbelewele, nilivuna magunia ya kula tu.

Sasa nimejikaza, nimeuza kiwanja nimechukua Kubota ndogo used kutoka Japani, HP 24, fowili (tairi zote nne zinavuta), imekuja na rotari yake nyuma, ile ya visu vinavyozunguka kulima. Imeshushwa nyumbani juzi jioni. Gari naendesha vizuri tu ila trekta sijawahi hata kukalia kiti chake. Maandishi yote Kijapani. Kuna liva kama saba hivi, moja ina picha ya sungura na kobe, breki ziko pedali mbili badala ya moja, na chini karibu na kisigino kuna kapedali kengine kadogo sikaelewi kabisa.

Nina hela ya zana moja, nikijibana mbili. Dalali wa zana hapa Moro mjini ananishauri nichukue plau ya sahani tatu used, anasema fowili inavuta chochote. Je nichukue hiyo, au haro ya kuvunja mabonge, au tela ya kubebea nyanya? Na je mtu anaweza kujifunza mwenyewe au nitafute dereva? Vuli imebaki kama wiki sita. Natanguliza shukrani.

FundiDizeli_Ifakara

Hongera sana mkuu, hilo ni jambo kubwa umefanya. Mimi ni fundi, hizi ndogo za Kijapani nazifungua kila wiki kwa hiyo nakuandikia ninachokishika kwa mikono.

Plau ya sahani tatu achana nayo, tena usirudi hata kuiangalia. Ile ni ya trekta za HP 50 kwenda juu. Trekta lako zima lina uzito unaocheza kwenye kilo mia tisa, plau ya sahani tatu yenyewe ni kilo mia tatu na ushee inaning'inia nyuma, ukiinyanyua mbele kunakuwa kwepesi unakata usukani trekta linaenda moja kwa moja halikusikii, ukiizamisha tairi zinajichimbia palepale. Fowili inasaidia tairi zishike ardhi, haiongezi nguvu ya injini na haiongezi uzito. Halafu hata kufunga utapata taabu maana pini za trekta ndogo kwenye mikono ya chini ni milimita 22 na ya juu kwenye toplinki, ule mkono wa juu wa katikati unaoshika zana, ni 19, zile kubwa ni 28 na 25. Siku ukienda kununua zana yoyote ile beba pini zako mfukoni, ukifika chomeka pale pale mbele ya muuzaji, isipoingia au ikicheza cheza sana unajua hiyo siyo ya kwako.

Zana ya kwanza tayari unayo, ni hiyo rotari. Hesabu yetu ya haraka mafundi ni kwamba rotari inakula kama HP 5 kwa kila futi moja ya upana, na HP 24 za injini zikifika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana, zimebaki ishirini hivi, ndiyo maana utaikuta rotari yako ina upana wa futi nne na kidogo, Wajapani walishakupigia hesabu. Kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza, ekari moja utaimaliza kwa saa moja na nusu mpaka mbili na dizeli lita 5 hadi 7 kulingana na udongo. Ekari zako nne za tambarare ni kazi ya siku mbili, siyo ya kumsubiri mtu wiki.

Sasa liva. Sungura ni mwendo wa haraka, kobe ni mwendo wa polepole, ukiwa na rotari chini wewe ni kobe tu. Ukiona alama hii 入 maana yake umeingiza, hii 切 maana yake umekata, utaziona kwenye liva ya PTO na ya fowili. Hii 上 ni juu na hii 下 ni chini, ziko kwenye liva ya kunyanyulia. Zilizobaki piga picha na simu itakutafsiria, halafu chukua rangi au stika uandike kwa Kiswahili pale pale kwenye liva, hii usiione ndogo, siku ukipaniki hutakumbuka herufi za mtu.

Liva ya PTO itakuwa na namba 1 mpaka 3 au 4. Namba 1 ndiyo inayokaribia mizunguko 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye resi yake ya kazi, na zana karibu zote za trekta ndogo zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa 540. Namba za juu zisahau kwanza, kuna mteja alifunga mashine ya kukata majani akaweka namba 3, gia boksi ya ile mashine ililetwa kwangu kwenye kiroba ikiwa vipande.

Kapedali ka kisigino ni difuloki, inafunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja. Unaikanyaga ukikwama, ukiwa unakwenda mbele moja kwa moja, ukishatoka unaiachia. Ukikata kona imeshika unaua difu. Breki mbili ni kwa ajili ya kugeuza kona kali mwisho wa shamba, unakanyaga ya upande unaotaka kwenda. Barabarani kuna kachuma kanazifunga pamoja, kafunge KILA unapotoka shambani, maana ukiwa kwenye sungura ukikanyaga moja peke yake trekta linakata ghafla linalala.

Oili: hizi ndogo oili ya gia boksi na ya haidroliki ni moja, inakaa tanki moja, na ni oili maalum ya trekta siyo ile 40 ya injini. Fungua kijiti cha kupimia uangalie, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, imwage yote kabla hujafanya kazi yoyote.

MamaMajaruba

Mdogo wangu ShambaMlali hongera. Mimi niko Dakawa, naendesha mwenyewe huu mwaka wa sita, naburuga majaruba yangu na ya majirani, kwa hiyo kwa swali lako la dereva nakwambia jifunze mwenyewe. Hata kama baadaye utaajiri, ukiwa hujui trekta yako utaletewa bili ya spea na huwezi kuuliza kitu.

Fundi kaeleza vizuri ila mimi nataka tuongee kuhusu PTO kwa upande mwingine. Mizunguko 540 kwa dakika ni mara tisa kwa sekunde moja. Hesabu moja, kashazunguka mara tisa. Mwaka wangu wa pili kijana aliyekuwa ananisaidia alikuwa amevua shati la mikono mirefu amelifunga kiunoni, mikono ya shati inaning'inia mbele, akainama kutoa mzizi uliokwama karibu na propela, ile shafti inayotoka kwenye PTO kwenda kwenye rotari, na mimi nilikuwa nimeacha PTO inazunguka kwa sababu nilijua ni sekunde mbili tu. Nilichosikia ni mlio wa kitambaa kuchanika. Nikakata klachi. Shati lilikuwa limejisokota kwenye propela limekaza kama kamba ya katani, na yeye kiuno chote ngozi imechubuka kuzunguka nyuma mpaka mbele. Lilikuwa shati chakavu ndiyo maana lilichanika, lingekuwa jipya sijui ningemwambia nini mama yake. Tangu siku ile kwangu hakuna mtu anashuka au anasogea nyuma ya trekta kabla sijakata PTO, sijazima injini na sijachomoa ufunguo nikauweka mfukoni. Kanga, shuka, mtandio, koti lililofunguliwa vifungo, vyote hapana. Na ile plastiki inayofunika propela kama haipo au imepasuka tafuta nyingine kabla ya kitu chochote, kabla ya plau, kabla ya tela.

Kitu kingine ni kurudi nyuma. Kata PTO KWANZA, nyanyua rotari, geuza shingo uangalie, ndiyo urudi. Baadhi ya hizi za Kijapani ukitia gia ya nyuma rotari inajinyanyua yenyewe, jaribu ya kwako uone, ila hata kama inafanya hivyo usiitegemee. Watoto wa kijiji wakiona trekta ndogo wanaifuata nyuma, mimi nikiwaona nazima nasubiri waondoke, hata kama ni nusu saa.

HP50tu

Mkuu pole lakini umekosea, hiyo ni mashine ya bustani. Iuze sasa hivi kabla haijachakaa uongeze hela uchukue HP 50 au 60, utalima kwako na utalima za watu upate hela. HP 24 mbuga kavu haiiwezi.

FundiDizeli_Ifakara

@HP50tu upande mmoja una haki, mbuga nyeusi iliyokauka ikapasuka nyufa HP 24 haiingii, wala sitamdanganya mwenzetu. Lakini ekari saba, nne tambarare, nyanya na mahindi, trekta kubwa litakaa chini ya mwembe miezi kumi linasubiri betri ife. Hiyo ndogo ataitumia kila wiki. Asubiri tu udongo uwe na unyevu wa kutosha, akamate konzi moja aikandamize iwe donge, alibonyeze kwa kidole gumba, likivunjika vunjika aingie, likinata kama ugali asubiri siku moja au mbili.

KilosaKwetu

Naongezea jambo moja tu maana limenigusa. Baba yangu mdogo alikuwa na trekta ndogo kama yako, akataka kung'oa kisiki cha mwembe, mnyororo akaufunga juu pale inapokaa toplinki kwa sababu aliona ndiyo pako imara. Akatia gia ya kobe, akaachia klachi. Kisiki hakikusogea, tairi za nyuma hazikuteleza, kwa hiyo trekta yenyewe ikapanda. Mbele ilinyanyuka ikaja nyuma yote kabla hajawahi kukanyaga klachi tena. Nilikuwa nimesimama hatua kumi na sikuwahi hata kupiga kelele. Alikaa hospitali miezi mitatu na nyonga mpaka leo inamsumbua, na tunashukuru Mungu maana wengi wanaofunikwa hawaamki.

Ndugu yangu kitu chochote cha kuvuta kifungwe kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli, hakuna pengine. Na angalia nyuma ya kiti chako kama ipo ile fremu ya chuma ya kumkinga dereva, nyingi za Kijapani za zamani zimekuja bila fremu. Kama haipo, zile ekari tatu za mteremko usizipeleke trekta, lima kwa jembe la mkono na matuta kama wanavyofanya watu wa Mgeta. Kama ipo, funga na mkanda wa kiti, fremu bila mkanda unarushwa nje halafu inakulalia, na hata hivyo pale panapokupa wasiwasi usiingie. Hizi trekta ni nyembamba, ukilima kwa kukatisha mteremko tairi moja ikiingia kwenye shimo inatosha.

Tela pia inataka adabu. Trekta ya kilo mia tisa ukiifunga tela yenye tani moja na nusu ya nyanya isiyo na breki, kwenye kushuka tela ndiyo inakuendesha wewe. Tia gia ndogo kabla hujaanza kushuka na usikanyage klachi katikati ya mteremko, ukikanyaga umejiachia.

Chekereni_90

Wadau wameshasema mengi mazuri. Mimi nilipita kozi ya mpunga pale KATC Moshi, kile chuo cha mafunzo ya kilimo, nataka kujibu hilo la kujifunza maana mtu ana wiki sita na zinatosha kabisa.

Wiki ya kwanza usifunge rotari. Toa kabisa, uibakize trekta tupu uende uwanja wazi hata wa mpira watu wakiwa hawapo. Kuwasha: klachi mpaka chini maana nyingi haziwaki bila klachi kukanyagwa, PTO kwenye 切, gia huru, hita shikilia sekunde kumi hivi ndiyo upige stata. Halafu endesha kwenye kobe, simama, ondoka, simama, rudi nyuma ukilenga kijiti ulichochomeka, saa nzima kila siku. Utachoka lakini mguu unajifunza. Wiki ya pili funga rotari, jifunze kufunga na kufungua mpaka ufanye peke yako, na ufanye mahali pa sawa, siyo mteremkoni. Wiki ya tatu ndiyo uiguse ardhi, kipande cha robo ekari ambacho ukikiharibu hakikuumi.

Kwa upande wa zana, kama hela ni ya kitu kimoja mimi ningechukua ripa ya jino moja. Najua watu wengi hawaifikirii. Rotari ni tamu inakuachia udongo laini kama unga ila inachimba kina kile kile kila msimu na visu vyake vinasugua chini, baada ya miaka miwili mitatu chini ya hapo panakuwa pagumu kama sakafu, maji hayashuki na mizizi ya mahindi inakata kona. Ripa unaivuta mara moja mwisho wa kiangazi, jino linapasua ile sakafu, mvua ya kwanza inazama pale pale. Ni wazo lile lile la ripa ya Magoye ya ng'ombe, hii tu inafungwa kwenye trekta. Jino moja HP 24 inalivuta vizuri, na fundi wa kuchomelea mzuri anaweza kukutengenezea ukimpelekea vipimo vya pini alivyosema Fundi. CAMARTEC Arusha nao wanashughulika na zana ndogo ndogo, waulize.

Tairi zikiteleza, kabla hujanunua vyuma vya uzito tia maji kwenye tairi za nyuma. Zungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza maji mpaka yafike usawa wa valvu, inakuwa kama robo tatu ya tairi, juu bakiza upepo. Lita moja ni kilo moja kwa hiyo tairi za saizi yako unaongeza karibu kilo mia kila upande, gharama ni ndoo za maji tu. Ila kumbuka ukiongeza uzito nyuma na mbele nako panataka kitu.

Dizeli ya madumu iache itulie usiku kucha halafu uchuje kwa kitambaa wakati wa kumimina. Maji ndiyo yanaua pampu za hizi ndogo kuliko kitu kingine.

ShambaMlali

Wakuu nimerudi, ni siku ya ishirini na tatu leo. Nimewasoma mara nyingi sana hasa MamaMajaruba na KilosaKwetu, nilisoma kwa sauti na mke wangu akasikia, sasa hivi kabla sijawasha ananiuliza ufunguo wa kuchomoa utauweka mfuko gani.

Fremu ya nyuma ipo, mkanda haukuwepo nimefunga mpya. Plastiki ya propela ilikuwa imepasuka nimebadilisha. Oili ya haidroliki ilikuwa na rangi ile ile ya chai ya maziwa, Fundi Mungu akubariki, ningeanza kazi bila kuangalia. Imemwagwa yote, filta mpya. Dalali nimemwambia hapana, ripa inachomelewa Mzumbe, pini nilibeba mfukoni kama mlivyosema. Tela itasubiri mavuno. Ekari tatu za juu nimeamua zibaki za jembe la mkono.

Wiki ya kwanza niliendesha uwanja wa shule baada ya saa kumi na mbili jioni. Jana ndiyo nilishusha rotari chini mara ya kwanza, nusu ekari. Mistari yangu imepinda na katikati nimeacha vipande havijaguswa, lakini niliposhuka nikaingiza mkono ule udongo ulikuwa unapumua mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilikaa pale chini muda mrefu.

Tatizo ni moja, nikinyanyua rotari mwisho wa mstari kabla ya kugeuza kuna mlio unagonga kokoko kokoko kwa nguvu mpaka unausikia kwenye kiti. Ikishuka unaisha. Ni gia boksi imekufa?

FundiDizeli_Ifakara

Hapana usiogope, hiyo ni propela. Ukiinyanyua juu sana propela inapinda kupita pembe yake, jointi zinalalamika. Kitu cha kwanza kata PTO kabla ya kunyanyua, kila mwisho wa mstari, na Mama kashakupa sababu nyingine ya kufanya hivyo. Pili, pembeni ya liva ya kunyanyulia kuna kaskrubu ka kizuizi, kalegeze ukasogeze nyuma ili rotari isipande mpaka mwisho, visu vikiwa juu ya ardhi kama kiganja na nusu inatosha kugeuza. Tatu, zima kila kitu, chomoa propela utazame, zile bomba mbili zinazoingiliana lazima zibaki zimeingiliana angalau theluthi moja rotari ikiwa chini kabisa, na zisigote ikiwa juu. Na utie grisi kwenye chuchu za jointi kila asubuhi kabla ya kazi, mpaka uone grisi ya zamani inatoka pembeni.

ShambaMlali

Nimesogeza kizuizi, mlio umeisha kabisa. Jointi ya nyuma ilikuwa kavu haina hata tone la grisi. Bomba zimeingiliana zaidi ya nusu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naingia kile kipande cha chini karibu na mfereji, nimeshachomeka vijiti vya kulenga.